Miezi Iliyopigwa Msasa

Jumatatu hiyo Nyanchoka aliamka kabla hajaitwa, jambo ambalo mama yake hakulizoea. Alifagia ua, akawatupia kuku mahindi, kisha akaja jikoni kunywa chai kwa ndizi za kuchemsha huku amesimama wima.

"Keti ule kama mtu," mama yake akamwambia.

"Nimeshiba, Mama. Leo Beverlyne anarudisha mkebe."

"Mkebe gani tena?"

"Ule wa miezi."

Mama alicheka, akajifunga mgongoni kapu lake la kuchumia majani chai, akatoka. Nyanchoka naye akachukua mkoba. Kabla ya kuvuka kizingiti alinyoosha mkono juu ya kabati, akampapasa kiboko wake mgongoni. Kiboko huyo alikuwa wa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchonga, lenye rangi ya waridi, amechongwa na Mjomba Onyiego kule Tabaka. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumgusa. Wageni walimtazama kwa macho tu, na wadogo zake walimtazama kwa mbali.

Sasa tuzungumze juu ya miezi ya mkebe, maana ndiyo iliyoleta balaa. Sote tunaujua mwezi mmoja, huu unaotuangazia tukirudi nyumbani. Lakini Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa Jupita, ina miezi mingi. Minne ni mikubwa na mviringo. Iliyobaki, karibu yote ni midogo, ina pembepembe kama viazi vibaya, na huzunguka mbali kabisa na sayari yenyewe, tena kwa makundi. Makundi mengine huenda kinyume, kama mtu anayekwenda sokoni wakati wenzake wanarudi.

Mwalimu Mokeira, aliyefundisha Sayansi katika Gredi ya Saba, alimweleza Nyanchoka habari za makundi hayo siku moja alipobaki nyuma kufuta ubao.

"Wanasayansi wanaamini miezi hiyo midogo haikuzaliwa pamoja na Mshtarii," alisema. "Ilikuwa mawe yanayozurura angani, sayari ikayavuta yakanaswa. Baadaye yakagongwa, yakavunjika. Kila kundi ni vipande vya jiwe moja, na mpaka leo vipande hivyo vinafuatana karibu njia moja. Nenda ukawaeleze wenzako, modeli yenu ilionyeshe jambo hilo."

"Ndiyo, Mwalimu," Nyanchoka akaitikia.

Kama aliwaeleza au hakuwaeleza, hilo tuliache kwanza. Litarudi lenyewe, na likirudi halitarudi na zawadi.

Wenzake walikuwa wawili. Beverlyne ni yule ambaye wazazi wake wana duka sokoni Masimba. Omwenga ni jirani, mvulana wa maneno machache na mikono isiyotulia. Siku ya Alhamisi waamuzi wangekuja kuchagua modeli moja tu, nayo ingepelekwa kwenye maonyesho ya shule mjini Kisii pamoja na waliotengeneza. Mwaka uliopita Nyanchoka aliachwa langoni akiwapungia mkono wenzake waliochaguliwa, akaenda nyumbani akalia mpaka kwikwi zikamshika. Mwaka huu alikuwa ameapa kwamba hatampungia mtu mkono.

Mjomba Onyiego alimpa mawe matatu ya sabuni, kila moja la rangi yake na la kundi lake, akayavunja kwa nyundo mbele yake. Jioni baada ya jioni Nyanchoka alijaribisha kipande na kipande, akabakisha vile tu vinavyoingiana kingo kwa kingo, ili mwamuzi akivishika ajionee kwamba vilikuwa jiwe moja. Wenzake wakimuuliza wafanye nini, jibu lilikuwa lile lile: "Ninyi shughulikieni waya na rangi. Mawe niachieni mimi." Mkebe ulilala kwa akina Beverlyne kwa sababu tu stoo yao ilikuwa na kufuli.

Alipofika shuleni aliwakuta nyuma ya darasa, wanatabasamu kama watu wenye habari za harusi.

"Funga macho," Beverlyne akamwambia.

"Sina wakati wa michezo. Leta mkebe."

"Funga kwanza!"

Nyanchoka akafunga. Akasikia kifuniko kikibanduka. Alipofumbua macho, akaona gololi. Si gololi hasa, yalikuwa mawe yake, yote, yamesuguliwa yakawa duara, yamepakwa nta, yanameremeta. Hapakuwa na pembe hata moja. Hapakuwa na ukingo wa kuingiana na mwingine. Na yalikuwa yamechanganywa ya waridi na ya kijivu na meupe, kama njugu za kuuza.

"Jana kutwa nzima," Omwenga akasema kwa fahari. "Tulipiga msasa kwenye beseni la maji, ule mkali kwanza, kisha laini. Nta alinunua Beverlyne. Sasa si ni mawe ya kuonyesha wageni?"

Wewe unayesoma, usiseme kwamba wangejua. Katika nchi yetu hii ya mawe ya sabuni, nani amewahi kumpa mgeni jiwe lenye makovu? Jiwe lisilopigwa msasa ni jiwe ambalo halijaisha. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo, na hawa wawili walijua hivyo tu, maana hakuna aliyewaambia zaidi.

Nyanchoka alipandwa na mori. Alihisi masikio yakiwaka, na sauti iliyomtoka hakuijua.

"Wapumbavu! Nani aliwatuma? Nani?"

"Nyanchoka..."

"Nilisema msiguse! Mnasugua sugua tu kama watu wanaoosha sufuria! Kichwa mmebeba cha nini?" Akaupiga mkebe teke, miezi ya Mshtarii ikatawanyika kwenye nyasi.

Omwenga akanyoosha mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka, nyekundu. "Tazama hizi. Hata kijiko nimeshindwa kushika leo. Na wewe unatupiga mateke?"

"Hata ungekatika mkono!" Nyanchoka akamjibu.

Hapo Beverlyne naye akawaka. Alisema Nyanchoka ana roho mbaya, na kwamba tangu modeli ianze yeye na Omwenga wamekuwa vibarua wake. Kelele zikapanda mpaka Mwalimu Mokeira akatoka ofisini, chaki ingali mkononi. Aliyatazama mawe kwenye nyasi, akaokota moja, akaligeuza. Uso wake ukakunjamana.

"Nani amefanya hivi?"

"Sisi, Mwalimu," Omwenga akasema.

"Nyanchoka, uliwaeleza kwa nini mawe haya yasilainishwe? Nilikutuma uwaeleze."

Ndilo hilo tuliloliacha, limerudi. Nyanchoka alikuwa na nafasi ya kusema neno moja dogo, "Hapana." Lakini hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na neno la kweli halikupata pa kupita.

"Niliwaeleza, Mwalimu. Walikataa kunisikiliza."

Beverlyne alitaka kupinga, akakatizwa. Mwalimu Mokeira hakuwa mtu wa kupiga, lakini ulimi wake ulitosha.

"Kumbe! Mtu anawaeleza jambo la maana, ninyi mnajifanya wajuaji! Kazi ya majuma mmeiua kwa siku moja! Tokeni kwenye modeli hii. Alhamisi Nyanchoka atasimama peke yake."

Omwenga hakujitetea. Alimkazia Nyanchoka macho mpaka Nyanchoka akatazama viatu vyake.

"Sawa," akasema. "Mungu hayuko likizo."

Basi Nyanchoka akabaki na Mshtarii peke yake. Sayari yenyewe ilikuwa mpira mkubwa wa maganda makavu ya mgomba, yaliyofungwa kwa kamba na kupakwa rangi kwa mistari, kazi ya Beverlyne. Pete za waya za kubebea miezi zilipaswa kushikwa na mtu mmoja huku mwingine akizifunga. Jumanne mchana kutwa alizishika kwa meno, akazifunga kwa mkono, zikamfyatukia usoni. Aliwalaani wenzake. Akaulaani waya, akamlaani na aliyebuni msasa. Kila alipolaani alijisikia vibaya zaidi, na kwa kuwa alijisikia vibaya, alikasirika tena.

Aliporudi nyumbani alikuta shamba lao limejaa wanawake. Ilikuwa zamu ya mama yake katika egesangio, yaani kile kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, leo kwangu, kesho kwako. Kila mwanamke alikuwa na mstari wake wa michai, mikono inakwenda haraka, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Nyanchoka akapewa birika na vikombe awapelekee chai.

Mwisho wa mstari wa mbali alikuwa Mama Omwenga.

"Karibu chai, Mama," Nyanchoka akasema kwa sauti ya chini.

Mama Omwenga hakuacha kuchuma. "Mpe mwingine. Mimi nimekuja kwa sababu mama yako alikuja kwangu. Nitamaliza mstari wangu, kisha niende kumpaka mwanangu mafuta vidoleni. Juzi alitoka kwangu anaimba, jana akarudi amefukuzwa kama mwizi."

Nyanchoka alirudi na kikombe kimejaa. Mama yake alikiona. Mwanamke kukataa chai katika shamba la mwenzake si jambo dogo.

"Kuna nini kati yako na huyu?"

Hapo maneno yakamwagika. Nyanchoka alisema juu ya mawe, msasa, nta, na Kisii ambako sasa hatafika. Alisema wamemharibia, wamemharibia kabisa, na kwamba hataki kuwaona tena maisha yake yote. Mama alisikiliza huku akichuma. Kisha mikono yake ikasimama.

"Uliwaambia kwa nini mawe yabaki na pembe?"

Nyanchoka akakitazama kile kikombe.

"Nyanchoka, nakuuliza. Uliwaambia?"

"Yaya, Mama," akajibu kwa Ekegusii, maana uongo ulikuwa umemwishia. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilitaka... nilitaka waamuzi wakiuliza, niwe mimi peke yangu ninayejua."

Mama alivua kapu mgongoni, akaliweka chini. Nyanchoka alikuwa amemwona mama yake akikasirika mara nyingi, lakini hasira hizo zilikuwa za kupaza sauti. Hii ilikuwa ya chini, na ilimtisha zaidi.

"Tazama pale. Mpaka wetu na wa jirani unaishia wapi?"

"Pale kwenye jiwe, Mama."

"Wewe unajua kwa sababu umezaliwa hapa. Michai inafanana. Nikiwaita wanawake hawa, nisiwaonyeshe mpaka, wakavuka wakachuma ya jirani, mwizi ni nani? Wao?"

"Hapana."

"Ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Ni mimi! Na jirani akija na hasira, nikamwambia niliwaonyesha wakakataa, mimi ni mtu gani?" Mama alipumua kwa nguvu. "Nina aibu. Mtoto wangu amewaita watu kwenye kazi, amewaficha mpaka, kisha amewashtaki kwa kuvuka. Chai hiyo inapoa. Mpelekee tena, na safari hii mpelekee na ukweli."

Ule mstari wa michai haukuwa mrefu, lakini Nyanchoka aliuona hauishi. Alisimama mbele ya Mama Omwenga, wanawake wote wakisikia, akasema yote. Hakujipunguzia. Wanawake wakaguna. Mmoja akamwita Mungu kwa Ekegusii, "Nyasae!" Mama Omwenga aliendelea kuchuma mpaka mchai wa mwisho, ndipo akageuka.

"Mimi si mwalimu wako. Uongo huo uliusemea wapi?"

"Shuleni."

"Basi kauokote palepale ulipoutupa." Kisha akapokea kikombe, akanywa, ingawa hakutabasamu.

Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, Nyanchoka aliingia ofisini na mkoba mzito. Aliomba Omwenga na Beverlyne waitwe. Walipokuja, akasema mbele yao: "Mwalimu, sikuwaeleza. Nilikudanganya."

Mwalimu Mokeira akasukuma madaftari kando.

"Umenifanya niwaonee watoto wa watu," akasema, sauti ikitetemeka kwa hasira. "Nimewatukana hawa kwa kosa lako! Omwenga, Beverlyne, nilipaswa kuwauliza na ninyi. Sikuwauliza, na hilo ni langu. Nisameheni." Akamgeukia Nyanchoka. "Kesho mtasimama watatu, ama hasimami mtu. Na wewe, hadi muhula uishe, utafuta ubao wa kila darasa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nje, Omwenga alisimama mbali naye. "Nikisema nimekusamehe saa hii nitakuwa nadanganya, na uongo tumekwishapata wa kutosha."

"Na mawe utatoa wapi?" Beverlyne akauliza kwa ukali. "Tabaka ni mbali, na kesho ndiyo kesho."

Nyanchoka akafungua mkoba. Akatoa nyundo ya baba yake na gunia tupu, kisha kitu kilichofungwa kwa leso. Alipoifungua, Omwenga akatoa macho. Alikuwa jirani, alimjua kiboko huyo. Mwaka mzima alikuwa hajapata kumgusa.

"Huyo? Wacha!"

"Tutaonyesha kundi moja tu la miezi midogo, lile liitwalo Karme. Rangi yake inaelekea wekundu," Nyanchoka akasema. Aliwaeleza kila alichojua: mawe yaliyonaswa, mgongano, vipande vinavyofuatana, njia ya kinyume. Kisha akampa Omwenga nyundo. "Piga wewe."

"Sipigi. Ni wako. Piga mwenyewe."

Nyanchoka akamlaza kiboko juu ya gunia. Alimpapasa mgongoni mara ya mwisho, akafumba macho, akapiga. Jiwe la sabuni halina ubishi. Kichwa kilikwenda huku, tumbo kule, sikio moja likaruka mpaka miguuni mwa Beverlyne. Nyanchoka akalia waziwazi, makamasi na yote, na hakuna aliyemcheka. Beverlyne aliokota sikio, akalifuta vumbi kwa sketi yake.

"Hili ni mwezi mzuri," akasema.

Kisha yeye ndiye aliyekumbuka: "Na ile miezi minne mikubwa? Si ulisema ni mviringo? Tulifinyanga ya udongo, ikapasuka."

Wakatazamana. Omwenga akachukua mkebe, akachagua yale mawe manne makubwa kuliko mengine, laini, yenye nta, aliyoyachubukia vidole. Mabega yake yaliyokuwa yamekazana yakalegea kidogo. Siku hiyo mmoja alishika waya, wa pili akafunga, wa tatu akaandaa kundi, na pete hazikumfyatukia mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Alhamisi mwamuzi mkuu, Bwana Nyasani, alifika kwao akiwa amechoka kutazama volkano za sabuni na siki.

"Haya, nani atanieleza?"

Nyanchoka alifungua kinywa. Maneno yote aliyoyaficha kwa majuma yalikuwa tayari ulimini. Akafunga kinywa, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Omwenga.

"Hii ni Mshtarii," Omwenga akaanza, kwanza kwa kukwama, kisha kwa moto. Alizungusha ile minne mikubwa upande mmoja, kisha pete ya mbali ya vipande vya waridi kinyume chake. "Miezi hii haikuumbwa mmoja mmoja. Wataalamu wanaamini ilikuwa kitu kimoja, kikavunjwa. Unaweza kuvishika, Bwana."

Bwana Nyasani akavibandua vipande viwili kwenye waya, akavigusanisha. Vikaingiana. Akaongeza cha tatu, cha nne. Uchovu ulimtoka. Watoto wa madarasa mengine wakasogea, na alipoweka sikio mahali pake, akacheka kwa sauti.

"Lakini huyu ni kiboko!"

"Alikuwa kiboko," Nyanchoka akasema. Naye, bila kutarajia, akacheka.

Hapo Omwenga akamgonga kwa kiwiko, kidogo tu. Nyanchoka akajua kwamba msamaha umeanza kuja.

Walichaguliwa wao. Lakini jioni mama alipoona juu ya kabati ni patupu, hakuuliza kwanza habari za ushindi.

"Kiboko yuko wapi?"

"Anakwenda Kisii, Mama. Vipandevipande."

Mama aliketi, akamvuta binti yake karibu.

"Nisikilize. Kukasirika ulikuwa na sababu, kazi yako iliharibika. Lakini hasira uliyoipa nafasi ya kusema uongo ilikula rafiki zako, ikamla mwalimu wako, ikala na kiboko. Ndiyo maana wazee walisema hasira ni hasara. Na jambo la watu watatu lijulikane na watu watatu. Ukilificha ili ung'ae peke yako, likiharibika, aliyeliharibu ni wewe."

"Nimesikia, Mama."

"Kusikia ni rahisi. Tutaona."

Juma lililofuata egesangio ilikuwa zamu ya akina Omwenga. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa, na watoto nao walikwenda kusaidia kuchuma. Nyanchoka alifika wa kwanza, kapu mgongoni, umande ungali kwenye michai. Omwenga alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba akipiga miayo.

"Anzia popote," akamwambia.

"La," Nyanchoka akajibu. "Nionyeshe mpaka kwanza. Na wengine wakija, waonyeshe na wao."